Kombe halisemi: makumbusho ya michezo ya chuo kikuu yaanze na daftari

Tangu kiangazi kimeanza kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa zamani wa chuo kikuu chetu hapa Lubumbashi, kusini ya Kongo, na kama uko hata ndani ya grupu moja bila shaka ulishaipata mara tatu. Ni mchoro wa kompyuta: chumba kizuri, vioo mbele, taa ndogondogo juu, makombe yamepangwa mistari mistari kama chupa za baa, na ukutani maandishi ya dhahabu kwamba hapa ndipo yanapokaa mafanikio ya michezo ya chuo kikuu. Chini ya picha watu waligawanyika haraka sana. Kuna wanaoweka mioyo na kuuliza makuta yatumwe kwa namba gani. Kuna wanaosema kwanza choo za homu (nyumba za kulala wanafunzi), kwanza maji, halafu ndiyo mtuletee vioo. Na kuna wale wa pembeni, ambao siku zote wapo, wanauliza ni makombe gani hayo jamani, tulishinda nini sisi?

Mi naona wote watatu wamekosea mahali pamoja. Wanagombana juu ya jengo na juu ya makombe, kumbe makumbusho madogo ya michezo ni kazi ya kutafuta majina, vingine vyote vinakuja nyuma. Tukianza na vitrini, yaani makabati ya vioo, tutapata duka la makombe lisilokuwa na mteja, litafunguliwa siku ya sherehe, watu watapiga foto, na miaka miwili baadaye chumba kitakuwa depo ya viti vilivyovunjika (mnajua nasema nini, kila chuo kina chumba cha hivyo). Tukianza na daftari, yaani nani alicheza, mwaka gani, mayo gani (jezi), alikuwa anasoma nini, na nani bado ana ushahidi nyumbani kwake, basi chumba cha mita sita kwa nane kinatosha, na hata kama chumba hakipatikani mwaka huu kazi itakuwa imeanza. Na haraka iko. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 leo ana 80 na zaidi, na vitrini inaweza kumngoja fundi, yeye hawezi kumngoja mtu.

Ili uelewe kwa nini majina ni kazi kubwa kwetu kuliko kwa wengine, kumbuka chuo hiki kimebadilisha jina mara ngapi. Kilifungua milango 1956, mji ukiwa bado Elisabethville, kama chuo kikuu rasmi cha Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Jimbo letu la Katanga, chini ya Tshombe, lilivyojitenga 1960 mpaka 1963 jina likabadilika, halafu likabadilika tena. Mwaka 1966 mji wenyewe ukawa Lubumbashi. Mwaka 1971 Mobutu akachukua Lovanium ya Kinshasa, chuo cha Kisangani na hiki cha kwetu akavifanya kimoja, UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na fakilte (vitivo) zikagawanywa upya nchi nzima, za Lettres (lugha na fasihi) na za sayansi ya jamii zikaletwa huku. Mwaka 1981 UNAZA ikavunjwa vipande vitatu na ndipo tukapata UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, tunayoijua. Jimbo nalo halikukaa, Katanga ikawa Shaba, Shaba ikarudia kuwa Katanga, na tangu 2015 tuko Haut-Katanga. Sasa chukua mayo moja ya zamani, angalia herufi za kifuani, tayari unaweza kukisia miaka yake bila kumuuliza mtu, kwa sababu yenye UNAZA haikushonwa mwaka wa 1960 wala haikushonwa baada ya chuo kuwa UNILU. Inaweza tu kuwa ilivaliwa baadaye, na kwetu mayo inavaliwa mpaka inakuwa tambara la kufutia pikipiki. Mtu anayepanga vitrini kwa uzuri wa rangi ataiweka hiyo mayo pembeni ya kombe lisilohusiana nayo kabisa, na mgeni atatoka ameelewa uongo.

Halafu 1972 ikaja ile sheria ya majina, ya kuachana na majina ya Kikristo, na hapa ndipo mtego mkubwa uko. Kijana anaitwa Jean-Pierre kwenye karatasi ya mechi ya 1970, miaka mitatu baadaye kwenye karatasi nyingine ana jina la babu yake, sura ile ile, mguu ule ule wa kushoto, na mtu asiyejua atawahesabu kuwa wachezaji wawili, au mbaya zaidi atamwandika mmoja na kumsahau mwingine. Wengine walirudisha majina yao ya ubatizo miaka ya tisini, wengine wakakataa. Kwa hiyo hata orodha ya watu kumi na mmoja ni utafiti, inabidi ukae na watu, uulize, ulinganishe, urudi tena. Hakuna fundi wa vioo atakayekufanyia hiyo.

Na vitu vyenyewe viko wapi? Vimetawanyika kama mbegu, na kila mtawanyiko una sababu yake. Reforma ya 1971 ilileta huku wanafunzi kutoka pande zote za Zaire, waliomaliza masomo wakarudi kwao na albamu zao. Mwaka 1991 mji uliporwa. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa, zikapanda treni na kile ambacho mikono iliweza kubeba, na mi nina uhakika kwamba sehemu nzuri ya foto za michezo ya chuo hiki leo iko Mbuji-Mayi na Kananga ndani ya masanduku ya watu ambao hakuna mtu amewahi kuwapigia simu kuwauliza. Na mwisho kuna mitraye, biashara ya vyuma chakavu. Huu ni mji wa shaba, kitu chochote kinachong'aa kina bei kwa kilo, na kombe la shaba ya kufuliwa ambalo halina mwenyewe halikai sana.

Moja nimeliona kwa macho. Liko mtaa wa Bel-Air, kwa papa mmoja aliyecheza volebol miaka ya sabini, liko juu ya friji, ndani yake kuna bili za umeme, biki mbili na funguo ya baiskeli ambayo haipo tena. Urefu wake ni kama wa chupa ya bia kubwa, sikio moja limelegea, limefungwa na waya. Ukiligeuza kwenye mwanga unaona maandishi yaliyochongwa na msumari, si ya mashini: interfac (mashindano ya kati ya fakilte), mwaka 1978, na chini yake, kwa herufi ndogo, "2e", yaani wa pili. Ni kombe la kushindwa fainali! Nikamuuliza, papa, kwa nini mlihifadhi la wa pili. Akacheka. "Mutoto, hii kupe haiko yangu, ni ya ekipe. Nilibakia nayo tu juu ku homu balikuwa banaiba." Halafu akanieleza fainali yenyewe, kwamba mchezaji wao bora hakucheza juu asubuhi ile alikuwa na mtihani wa sesheni ya pili, wa kurudia, ekipe ikakaa ikaamua kwamba aende mtihani. Akaenda, akapita. Wao wakapigwa.

Hiyo "2e" peke yake ingewekwa kwenye vitrini ingekuwa aibu kidogo, ingesukumwa nyuma. Ikiwa na maelezo ya yule papa inakuwa kitu bora cha chumba chote, juu inasema kile ambacho kombe la kwanza haliwezi kusema, kwamba hawa walikuwa wanafunzi kabla ya kuwa wachezaji. Kombe halisemi, mtu ndiye anasema. Hata makombe makubwa ya mji huu ni mabubu hivyo hivyo. Angalia la 1967, lile ambalo kila mtoto wa mtaa wa Kamalondo analijua, Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe, bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza. Ukilitazama linasema bingwa, basi. Halisemi kwamba fainali na Asante Kotoko ya Ghana ilitoka sare 1-1, ikatoka sare tena 2-2, ikapangwa mechi ya tatu, na Kotoko haikutokea uwanjani. Hakuna aibu ndani yake, mwaka uliofuata walilichukua tena, lakini bila watu wa kuhadithia ungejuaje? Mazembe ina bahati, ina mji mzima wa kuhadithia, wazee wa Kamalondo watakutajia ekipe ya 1967 kama wanataja watoto wao. Volebol ya interfac ina yule papa na labda wengine wanne.

Tena hili si wazo langu mimi peke yangu. Shirika la kimataifa la makumbusho, ICOM, lilikuwa na maana yake rasmi ya makumbusho tangu 2007, na ndani ya ile maana vitendo vilipangwa hivi: kupata vitu, kuvihifadhi, kuvichunguza, kisha kuvionyesha. Agosti 2022 pale Prague wakapigia kura maana mpya, na safari hii neno la kwanza ni kutafiti, halafu kukusanya, kuhifadhi, kufafanua, kuonyesha. Watu walibishana miaka mingi juu ya yale maneno na wengi waliangalia sehemu nyingine, lakini mi naona ule mpangilio umebeba somo lote tunalolihitaji. Ule mchoro wa WhatsApp umeanzia kwenye neno la mwisho.

Sasa tuje kwa wanaokataa, juu hoja zao hazina uzito sawa. Hoja ya choo na maji ni nzito, siifanyii mchezo, anayelala watu sita ndani ya chumba cha wawili ana haki ya kukasirika akiona plafo (dari) ya taa. Jibu langu kwake ni kumpa haki: msijenge. Hakuna tofali hata moja. Chumba kilichopo, toli (bati) isiyovuja, kufuli mbili, na makuta yaliyokusanywa na wanafunzi wa zamani wenyewe, yasiguse hata franga moja ya minerval, ada ya masomo. Kama mtu anasisitiza lazima jengo jipya, basi mimi na mtu wa choo tuko ekipe moja. Hoja ya pili, kwamba mji tayari una makumbusho ya taifa, nayo si ya kutupa. Yale makumbusho yapo tangu 1946, yana wenye kujua kazi, na karibu yake kuna mfano mwingine mzuri zaidi kwetu, ule mradi wa Mémoires de Lubumbashi ambao wanahistoria wa UNILU waliuanza 2000, wakaenda kwa wakaaji wa kawaida wa mji kukusanya kumbukumbu za midomo na vitu vya nyumbani. Kwa hiyo kujua namna ya kufanya tunako, hapa hapa, hatuhitaji mshauri wa kutoka mbali. Lakini makumbusho ya taifa yana kazi ya nchi nzima ya kale na ya leo, hayawezi kukaa jioni nzima kubishana ni nani alikuwa sentafowadi wa fakilte ya Polytech mwaka 1983. Hiyo kazi inafanywa na wale inaowauma.

Hoja ya tatu ni ya vijana: wekeni zote Facebook, kwisha. Nusu nakubali. Foto ziskaniwe, ziwekwe, watu wa Kananga na wa Bruxelles wazione na waandike majina chini, hiyo ni njia nzuri kabisa ya kutafuta. Ila ukurasa wa Facebook ni wa yule mwenye paswadi, siku akigombana na grupu au simu yake ikiibiwa, mmebaki na nini? Na foto ikipita mara kumi kwa WhatsApp inarudi imekuwa ukungu. Mtandao utumike kuuliza, majibu yaandikwe mahali pengine.

Hoja iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi, ile ya "tulishinda nini sisi?" Hii inafikiri kwamba michezo ya chuo kikuu ni Mazembe ndogo, kwamba ni klabu iliyoshindwa kuwa klabu. Si hivyo duniani, na si hivyo kwetu. Mashindano makubwa ya wanafunzi wa dunia yalianza Torino mwaka 1959, nchi 45 zikaja, na pale mshindi akipanda jukwaani hakupigiwa wimbo wa taifa lake, alipigiwa Gaudeamus, wimbo wa wanafunzi. Sheria yao inataka mchezaji awe bado anasoma au awe amemaliza karibuni, tena awe kijana. Afrika nayo ina shirikisho lake, FASU, lilianzishwa 1971, mwaka ule ule wa UNAZA yetu, makao yake yako Kampala. Maana yake kipimo hapa ni mtu anayebeba vitu viwili kwa pamoja, kalamu na mpira, na ukimpima kwa mpira peke yake umempima nusu.

Mfano ulio wazi ni wa kwetu wenyewe. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, aliondoka 1987 kwenda Georgetown, Marekani, kwa msaada wa masomo, alitaka kuwa daktari, kocha wa basketi akamkuta pale pale chuoni. Akatoka 1991 na diploma ya lugha na diplomasia, na mwaka ule ule akaingia NBA. Alifariki 2024, dunia nzima ikalia mchezaji, sawa, ila hospitali aliyoifungua Kinshasa 2007 kwa jina la mama yake imetoka kwa yule yule kijana aliyekwenda kusoma. Sasa fikiri: kila mechi aliyoicheza pale chuoni iliandikwa, dakika zake, pointi zake, mipira aliyoizuia. Je, kuna vijana wangapi warefu waliocheza chini ya jua la Kasapa, kampasi yetu, miaka ile ile, na karatasi zao ziko wapi? Hatuwezi kusema hatukushinda kitu wakati hatukuandika kitu.

Na kuna jambo lingine ambalo mtu wa "tulishinda nini" hataki kulihesabu. Wanafunzi wa miaka ya tisini walisoma miaka ya masomo ya elastiki, mwaka mmoja unavutwa unakuwa miwili, walimu hawalipwi, homu hazina umeme, na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi waliuawa palepale kwenye kampasi ya Lubumbashi, jambo lililovuruga vibaya uhusiano wa Ubelgiji na Mobutu. Baada ya yote hayo, kama kuna watu walitafuta mpira, wakachora mistari ya kiwanja kwa majivu na kupanga interfac upya, mi siwezi kuiita hiyo kushindwa. Ndiyo maana kwenye hicho chumba nataka kuwe na sehemu ya ukuta isiyokuwa na kitu zaidi ya miaka ambayo hapakuchezwa, na sababu yake imeandikwa kwa maneno ya kawaida. Wengine watasema hiyo ni siasa, michezo ni furaha. Lakini mstari wa miaka unaoruka kutoka 1989 kwenda 1993 bila kusema kitu, huo nao ni siasa, tena mbaya zaidi.

Basi tuseme chumba kimepatikana, kitapangwaje? Hapa nitasimama kidogo juu ndipo makuta mengi hupotelea. Ule mchoro una dirisha kubwa upande wa mchana na mayo zimetundikwa mbele yake. Nguo na karatasi hazitakiwi kupata mwanga zaidi ya lukisi 50 (lukisi ni kipimo cha mwanga), ambayo ni kama sebule yenye balbu moja hafifu, na jua letu la saa nane mchana nje linafika maelfu na maelfu. Mayo ya bluu itakuwa ya kijivu kabla msimu wa mvua haujarudi, na rangi ikishaondoka hakuna dawa. Kwa hiyo madirisha yazibwe, au pazia nzito, taa za LED chache za sola (delestaji, kukatwa kwa umeme, nayo tunaijua), na mayo ilale kwenye kasha, usiitundike kwenye hanga, juu mabega yanavutika kwa uzito wake mwenyewe. Unaonyesha moja miezi mitatu, unaipumzisha, unatoa nyingine. Foto za asili hazionyeshwi kabisa, unaonyesha kopi, ya asili inabaki ndani ya bahasha gizani. Gazeti usilibandike na skochi. Kombe usilisugue na dawa ya kung'arisha, kila ukisugua unakula chuma, na yale maandishi ya msumari ndiyo yanakwenda kwanza. Rafu zisiguse ukuta wala zisikae chini, kwa sababu ya mchwa. Na kiangazi vumbi jekundu linaingia hata pale unaposema hapana nafasi, kwa hiyo chini ya mlango iwekwe mpira, na kila Ijumaa mtu apite na brashi laini, kitambaa cha maji hapana. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji milioni.

Kitu cha katikati ya chumba kisiwe kabati la makombe. Nataka iwe meza. Meza ndefu na viti, na juu yake foto moja ya ekipe iliyotolewa kopi kubwa, imefunikwa na karatasi ya kalki, ile ya kuonea ndani, na penseli. Namna inavyofanya kazi ni hivi: juu ya kalki unachora mviringo kwenye kila sura na kuipa namba, halafu kila mzee anayeingia anakaa, anaangalia, anasema namba 4 ni fulani, alikuwa Jeolojia, namba 6 alikuwa anatoka Kalemie, na unaandika jina lake yeye aliyesema na tarehe. Mwingine anakuja anakataa, hapana, namba 4 ni mdogo wake. Unaandika vyote viwili. Nimekaa jioni moja kwenye kazi kama hiyo, kwenye uwanja wa nyumba, kalki ikiwa imeshikwa na mawe manne kwa sababu ya upepo, na foto ya watu kumi na watatu ilichukua masaa matatu, maana kila jina lilivuta hadithi na kila hadithi ilivuta chai. Aliyemtambua yule aliyesimama mwisho kabisa, pembeni, kichwa nusu kimekatwa, hakuwa mchezaji, alikuwa mama mmoja aliyekuwa anafua mayo zao. Yeye ndiye aliyejua jina.

Kwa hiyo maandishi ya ukutani yawe Kiswahili na Kifaransa, Kiswahili juu. Sisemi hivyo kwa mapambo. Sentineli (mlinzi) wa kiwanja, mama wa mayo, dereva wa kamio (lori) lililowabeba kwenda Likasi, hao ndio wanaobeba nusu ya kumbukumbu na hawatasoma pano (bango) ya Kifaransa cha profesa ya mistari arobaini. Mistari sita inatosha, herufi kubwa, kwenye urefu wa macho. Wasichana wa basketi na wa hendibol pia wasiwekwe kwenye kona yao yenye rangi ya pinki, waingie kwenye mstari ule ule wa miaka, kila mmoja na fakilte yake. Pembeni ya viatu vya mchezaji iwekwe, kama ipo, kadi yake ya mwanafunzi au karatasi ya maksi, hata zile za kuchekesha, kwa ruhusa yake.

Hatari kubwa ninayoiona ni ile ya kawaida ya kwetu, na sioni mtu anaizungumza. Mtu akitoa dola elfu mbili atataka foto yake iwe mlangoni. Wa pili atataka kubwa kuliko ya wa kwanza. Kufika mwaka wa tatu chumba kitakuwa na sura za watoaji kumi na za wachezaji saba. Iandikwe tangu siku ya kwanza kwamba aliyetoa anaandikwa kwenye daftari, mstari mmoja kama watu wote, ukutani hakuna. Wataondoka wengine, ndiyo, na pesa zao, na tutabaki na meza na kalki, ambavyo ndivyo tulivyokuwa tunahitaji. Funguo ziwe mbili, moja kwa mtu wa maktaba, moja kwa komite ya wanafunzi, mlango usifunguke na moja peke yake. Na kila kitu kinachoingia kipate namba, mwaka na mfuatano wake, na aliyekileta apewe karatasi inayosema ametoa au ameazima, kwa muda gani, na akikitaka atakipata wapi. Bila hiyo karatasi familia hazitatoa kitu na zina haki, juu mji huu umeshaona vingi vikibebwa "kwa muda".

Yule papa wa Bel-Air ndilo swali alilouliza kabla ya mengine yote. Hakuuliza vioo wala taa. "Mukiibeba, mutanipa karatasi gani?" Nikamwambia tunaitengeneza. Juzi nimepita tena kumsalimia, kombe bado liko juu ya friji, bili zimeongezeka, akaniuliza kama ile karatasi imeshapigwa muhuri. Nikamwambia bado, papa, watu wako kwanza wanabishana juu ya rangi ya vioo.